Pilau Iliyotangulia Wageni

Siku ya kupokea posa ya dada, nyumbani kwetu Kimara, saa ya kupakua chakula aliipanga Baba mwenyewe. Wageni walikuwa wanatoka Morogoro, takriban kilomita 180 hadi mlangoni petu. Asubuhi mshenga, dereva wa siku nyingi katika barabara hiyo, alipiga simu: nusu ya kwanza ya njia wangetembea kilomita 75 kwa saa, maana barabara ni nyeupe, nusu ya pili, kwa malori, matuta na foleni ya kuanzia Kibaha, wasingezidi 25.

Baba alijumlisha 75 na 25, akagawa kwa mbili, akapata 50. Kilomita 180 kwa mwendo huo ni saa 3 na dakika 36. Wakiondoka saa 2 asubuhi, saa 5 na dakika 36 watakuwa wanavua viatu barazani. Shangazi, aliyeshika jiko, akapewa amri: saa 5 na nusu pilau iwe tayari.

Na ilikuwa tayari. Shangazi habahatishi. Vitunguu alivikaanga mpaka vikakolea rangi ya kahawia, nyama ikalainika, na mchele ulipokauka maji akaufunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Harufu ya binzari nyembamba na iliki ikavuka uzio. Tukatandika mikeka, tukavaa sare, tukakaa tukisikilizia honi.

Saa 6 ikapita. Shangazi akapunguza makaa. Baadaye akayaongeza ili pilau isipoe, kisha akapunguza tena. Ukoko ukaanza kunukia, na mpishi yeyote anajua kwamba ukoko ukinukia chini, punje za juu nazo zinakauka. Kachumbari ikatoa maji. "Kaka, hawa watu wanakuja kwa miguu?" Baba akampigia mshenga, naye akasema hakuna kilichoharibika, mwendo ni uleule aliotaja.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba, alipochukua daftari la michango na kufungua ukurasa wa nyuma. Aligawa njia vipande viwili vya kilomita 90. 90 kwa 75, saa 1 na dakika 12. 90 kwa 25, saa 3 na dakika 36. Jumla saa 4 na dakika 48. Kilomita 180 ukizigawa kwa muda huo wote, wastani ni 37.5.

"Baba, kwenye mwendo mdogo wamekaa muda mara tatu ya ule wa mwendo mkubwa. Wangetembea saa mbili kwa 75 na saa mbili kwa 25, 50 yako ingekuwa sawa. Lakini tumegawa kilomita, hatukugawa saa."

Baba akasema dereva angekanyaga mafuta mwanzoni, angefidia.

"Nusu ya pili peke yake ni saa 3 na dakika 36. Ndizo saa zote ulizowapa kwa safari nzima. Hata nusu ya kwanza wangeimaliza kwa kufumba na kufumbua, wasingewahi kabla ya saa uliyosema."

Hapa ndipo ninapotaka kila dereva wa barabara hii asikilize. Wangepandisha mwendo wa nusu ya kwanza kutoka 75 hadi 100, wangeokoa dakika 18 tu, na kwa hizo 18 wangehatarisha roho za wazee waliojaa garini. Foleni ikilegea kidogo tu, 25 ikawa 30, zinaokoka dakika 36. Foleni hailipiwi kwa kukimbia, na wanaojaribu kuilipia tunawazika.

Wageni waliingia saa 7 kasorobo, salama wote. Shangazi alinyunyiza supu ya nyama kwenye pilau, akaifunika tena kidogo, ikalika. Posa ilikubaliwa, na ratiba ya msafara wa harusi Baba amemkabidhi mtoto wa darasa la saba.