Msifuni Mpanga Zamu

Pemba tumesifu karafuu, tumesifu mchezo wa ng'ombe, pweza naye kasifiwa. Sijasikia aliyesimama kuisifu menyu ya kuwashia, ule ukurasa wa giza wenye mistari michache unaotokea kompyuta ya mifumo miwili inapoamka, ukauliza: leo zamu ya nani? Aibu hiyo na ituondoke, na ituondokee hapa hapa Ole.

Mwenye kusifiwa anakaa katika steshenari, pale inapoanzia barabara ya kwenda Kengeja. Wateja huja kutaka fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi na fomu za kujaza mtandaoni. Kompyuta yenyewe ilishatumika ng'ambo kabla ya kuvuka bahari, na ndani yake wamo wake wawili. Bi mkubwa ni Windows, ambaye hafukuziki kwa sababu printa ya hapa haimsikilizi mwingine. Bi mdogo ni Ubuntu, wa ukoo wa Linux. Huyu aliolewa kwa ajili ya flashi za wateja, zile ambazo ukizichomeka mafaili yote yanageuka njia za mkato zisizofika popote. Virusi vinavyofanya hivyo vimeandikwa kumsumbua Windows; kwa bi mdogo hukaa kama wageni waliokosea nyumba. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, na mashine hii haina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Basi bi mdogo akawa na haki ya kukaa.

Wake wakiwa wawili lazima awepo wa kupanga zamu, na kwa kompyuta kazi hiyo ameachiwa GRUB, programu inayoileta menyu yetu. Nasaba yake si haba. Erich Boleyn aliianza mwaka 1995 ili imwashe mfumo uitwao Hurd, na mradi wa GNU ukaichukua mwaka 1999. Hurd anaandaliwa mpaka leo, hajawa mfumo wa watu wa kila siku. Tazama uaminifu huo, yakhe: umetandika chumba cha bibi harusi, bibi harusi akachelewa miaka thelathini, nawe muda wote huo unawapangia zamu wake za watu bila kunung'unika.

Waliotangulia katika fani hii walikuwa na adabu zao pia. Jedwali la diski la mtindo wa zamani, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, haliruhusu zaidi ya patisheni kuu nne. Nne, wala zisizidi! Sijui walimuuliza kadhi yupi. Aliyetaka ya tano aliruhusiwa kutengeneza patisheni ya nyongeza, na ndani yake akaficha nyingine ambazo jedwali kuu halizitaji. Mpango huo kila mtu mzima anaujua kwa jina lake jingine. Mtindo mpya, GPT, kwa kawaida unaruhusu patisheni 128, na hapo ndipo masharti yalipoharibika.

Uadilifu wa menyu hii ungewafaa waume wengi. Windows ndiye aliyeingia kwanza, na ni lazima aingie kwanza, maana akija wa pili hujipa kiti cha mbele na jina la mwenzake halionekani tena. Menyu inamlipa nini kwa utangulizi wake? Inamweka chini kabisa. Juu anakaa Ubuntu, chini yake Ubuntu tena na mapambo yake ya ziada, pengine na mstari wa kupima kumbukumbu ambao hapa sijaona aliyewahi kuuhitaji, halafu ndiyo bi mkubwa. Kisha menyu inakupa sekunde 10. Ukinyamaza inachagua wa juu, kama kwamba kunyamaza ni ridhaa.

Utamu wa sekunde hizo anaujua anayeishi na umeme wetu. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, tuliachana na kutegemea majenereta ya Wesha. Kukatika hatujaachana nako. Umeme unakwenda, unarudi, mashine inajiwasha, na mwenye duka yuko barazani anamalizia kahawa yake. Anaporudi anamkuta Ubuntu ameshajipamba, na mteja ameshika barua inayotaka printa. Inabidi kuzima na kuanza upya. Mteja anapewa kiti, anaulizwa habari za nyumbani, anakumbuka kwamba alitaka na fotokopi tano. Biashara gani ingempata hivyo bila menyu?

Na ubora wa kuhama kutoka kwa mke mmoja kwenda kwa mwingine hauishii kwenye zamu. Ubuntu huiandika saa ya mashine kwa majira ya Greenwich, halafu yeye mwenyewe huongeza saa tatu zetu. Windows anaiamini ile saa kama alivyoikuta. Kwa hiyo ukitoka kwa bi mdogo saa sita na nusu mchana, muadhini ameshamaliza adhuhuri, bi mkubwa anakupokea kwa saa tatu na nusu asubuhi. Umerudishiwa saa tatu za umri wako, bure. Ukifanya hivyo saa saba usiku unarudishiwa hata tarehe, na barua iliyochelewa siku moja inatoka kwenye printa ikiwa imewahi. Wakaidi huandika timedatectl set-local-rtc 1 na wake wakapatana. Hawajui wanachokipoteza.

Wapo wanaosema vurugu zote huletwa na menyu. Hawa wanaisingizia. Ni Windows ndiye anayeambiwa azime akajifanya amezima. Kwa ile tabia ya kuwaka haraka analala na funguo za kabati mkononi, na mara nyingi bi mdogo anaruhusiwa kusoma mafaili yaliyomo, kuandika hapana. Ni sasisho la Windows la Agosti 2024 lililowafungia nje wenye Linux kadhaa duniani, wakasomeshwa kwenye skrini kwamba jambo kubwa limeharibika, ilhali Microsoft ilisema sasisho hilo halitagusa mashine za mifumo miwili.

Kosa moja tu nalikubali, nalo nalitia katika haya yake. Tangu toleo la 2.06, la mwaka 2021, GRUB ikaacha kupekua diski kutafuta mifumo mingine mpaka iambiwe. Kuiambia nako kuna adabu yake: katika faili la /etc/default/grub unaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, yaani kule kukatazwa kutafuta si kweli, kisha unaendesha update-grub. Mposaji wa Kipemba hajafika mbali hivi kwa kuzunguka.

Nawe mwenye mashine kama hii, kama sekunde 10 ni chache kwako, katika faili hilo hilo iandike GRUB_TIMEOUT kuwa -1. Menyu haitachagua tena kwa niaba yako. Itakungoja mpaka uje. Ila ukifunga duka ichomoe mashine, kwani umeme ukirudi usiku itakungoja vivyo hivyo hadi alfajiri, na uniti za umeme za Tukuza zitakwenda kwa hesabu yako.