Mbegu za Nyanya, Njombe

9 Juni
Baridi imeshuka. Nyasi za nyuma ya jiko zimeamka nyeupe kwa jalidi na mnyanya wa mwisho bustanini umenyauka. Nyanya zilizoiva nilishazileta ndani. Ni Tengeru 97, iliyotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Si chotara, kwa hiyo mtoto hufanana na mama. Chotara huzaa vizuri msimu wa kwanza. Ukirudia mbegu yake, kila mche unakuja na sura yake. Mbegu hii sitaki iniponyoke.

10 Juni
Nimekamulia mbegu na majimaji yake kwenye glasi na kufunika kitambaa. Ule ute unaoizunguka mbegu huizuia kuota, na kuchacha ndiko kunakouondoa. Penye joto siku mbili tatu zinatosha. Hapa glasi imelala kimya.

14 Juni
Povu limetokea, na utando mweupe juu. Mama mkwe amefika asubuhi, amemwaga, ameosha glasi ikang'aa. "Mwanangu, juisi yako ilikuwa imechacha." Nimemshukuru. Mbegu zimebaki kwenye jiwe la kuoshea vyombo, nimeziokota kwa ncha ya kisu. Zikishatoka ute zina vinyweleo vifupi vya kijivu, laini kama sikio la ndama.

16 Juni
Nilizianika kwenye sahani, maana kwenye karatasi hugandia. Mtoto alihitaji sahani ya chapati, akazihamishia kwenye ukurasa wa daftari. Zimegandia. Upande wa pili kulikuwa na hesabu zake za kugawanya, ameziandika upya.

5 Julai
Nimesia. Nimekata ule ukurasa vipande, kila kipande na mbegu yake, nikafukia hivyo hivyo, karatasi itaoza. Mbegu ya nyanya inataka udongo wenye joto la nyuzi 21 hadi 27, na humu ndani usiku hatufiki huko. Trei nimeiweka kando ya jiko la mkaa.

7 Julai
Paka amelala juu ya trei. Nimemtoa.

8 Julai
Paka yupo kwenye trei.

16 Julai
Zimeota. Upande wa paka zimetangulia.

27 Julai
Miche kadhaa imekatika shingoni na kulala. Kinyausi. Ugonjwa huu unapenda udongo uliolowa na hewa isiyotembea, na wiki nzima ukungu haujaondoka mlangoni. Nimeondoa nailoni niliyofunikia trei, namwagilia asubuhi tu, tena kidogo. Inauma kuona mche uliokuwa umesimama jana umelala leo, jani likiwa bado bichi kabisa.

30 Agosti
Iliyobaki imeshatoa majani ya kweli, shina ni nene, zambarau kwa chini. Nimepandikiza kando ya ukuta unaozuia upepo, na jioni naifunika kwa ndoo. Mama mkwe amechukua mitano akapande kwake.

2 Septemba
Shemeji amechukua ndoo mbili za kukamulia maziwa. Miche miwili imelala chini ya sufuria ya ugali. Ugali tumepikia kwenye sufuria ya chai.