Kuweka ni Bure, Wanasema

Benki yangu haina mlango. Haina askari wa kukupapasa mifuko, haina kalamu iliyofungwa kwa uzi, haina meneja wa kugombana naye. Iko ndani ya simu, ina rangi za kupendeza, na kila nikiifungua inaniita kwa jina langu la kwanza, jambo ambalo hapa kijijini Leparua hata watu wa rika langu hawalithubutu.

Mpwa wangu ndiye aliyeniingiza. "Mjomba, hii haina makato ya kila mwezi," akasema. Akanisimamisha juani, akanipiga picha ya uso, akapiga na kitambulisho, na kabla mbuzi hawajarudi kutoka malishoni nilikuwa mwenye akaunti. Na kweli makato ya kila mwezi hakuna. Kijana hakudanganya. Aliacha tu kuniambia noti zinaingilia wapi.

Maana huku kwetu pesa huzaliwa zikiwa noti. Mnunuzi wa mbuzi katika soko la mifugo la Isiolo humpapasa mnyama mgongo, humtukana kwa lugha mbili tatu ili kushusha bei, kisha huhesabu karatasi. Ukimwambia akutumie kwa simu, atakuuliza nani atalipa ya kutuma. Nawe utamuuliza nani atalipa ya kutoa. Mkiendelea hivyo mbuzi atawazeekea hapo hapo. Basi unachukua noti, dalali anakata chake, na unabaki na fungu la pesa zenye harufu ya zizi, ambalo benki yako haina mkono wa kulipokea.

Hatua ya kwanza ni wakala. Kuweka pesa kwa wakala ni bure, tangu M-Pesa, huduma ya pesa za simu, ianze Machi 2007, na kwa hilo sina neno. Ugomvi wangu ni na floti. Kwa wasioijua, wakala hana kiwanda cha pesa za simu. Hununua kwanza zake, kisha anakubadilishia kwa noti zako. Siku ya soko kila mtu ameuza mnyama na kila mtu anataka kuweka, kwa hiyo ikifika saa tano floti imekwisha na droo ya wakala imefura noti. Shule zikifunguliwa, kila mtu anataka kutoa. Hapo floti ni tele na droo imebaki na kalamu. Sijapata kumkuta wakala wetu, binti mmoja, akiwa na vyote viwili.

"Pole mzee, floti imeisha. Kama ungekuwa unatoa ningekusaidia."

"Mwanangu, nitoe nini na ndiyo kwanza nataka kuweka?"

"Basi ngoja aje mtu wa kutoa."

Nikangoja. Yaani akiba yangu ilitegemea mtu mwingine apate shida siku hiyo.

Floti ikipatikana, pesa zinaingia kwenye simu. Bado hazijafika benki. Ili zifike, unazituma kwa nambari ya Paybill ya benki, na hapo geti la kwanza linakata. Mwezi ukipita unataka kununua mahindi, unazirudisha kwenye simu, na geti la pili linakata. Mwenye duka hapa nyumbani hataki za simu kwa sababu mtandao wetu unakaa juu ya kilima na yeye ana goti bovu, kwa hiyo unatoa noti kwa wakala, na geti la tatu linakata. Noti zimetoka mkononi mwangu zikarudi mkononi mwangu, hazikununua hata kiberiti, na zimekonda.

Halafu tazama jedwali la makato lililobandikwa ukutani kwa wakala. Ukitoa kuanzia shilingi 101 hadi 2,500, unakatwa 29. Ukitoa kuanzia 50,001 hadi 250,000, unakatwa 309. Nilikaa na kijiti nikapiga hesabu mchangani wakati nikingoja yule mtu wa shida. Mwenye kutoa laki moja, kila mia yake inamgharimu senti 31. Mimi wa kutoa 150, kila mia yangu inanigharimu zaidi ya shilingi 19. Ukiwa maskini inabidi uwe tajiri ndipo umudu.

Huku kwetu tembo wanaheshimiwa njiani kuliko pesa zangu. Tangu 2011 wana njia yao chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, waliyochimbiwa ili watoke Mlima Kenya hadi hifadhi ya Lewa kwa majirani zetu bila kugongana na malori. Tembo anapita na tani zake tano, hakuna anayemwambia weka na ya kutoa.

Serikali nayo imekaa humo humo ndani ya makato. Ushuru wa bidhaa kwa ada za kutuma pesa kwa simu ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023, na Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ufike 20. Vijana wakaingia barabarani, mswada ukaondolewa. Mpwa wangu hujisifu kana kwamba aliuondoa peke yake. Namwambia asante, lakini ile 15 mbona bado ipo?

Kuna wakati tulipumua. Machi 2020, Corona ilipoingia, Benki Kuu iliagiza kuhamisha pesa kati ya simu na benki kuwe bure. Januari 2023 makato yakarudi. Ni ugonjwa pekee ninaoufahamu uliowahi kunipunguzia gharama.

Mpwa hunituliza kwa habari za Uingereza. Anasema huko wateja wa Monzo, benki ya simu kama yangu, wakitaka kuweka noti huenda duka lenye PayPoint na kulipa pauni moja kila wanapoweka. Sawa, nao wana lao. Lakini nina hakika mwenye duka hawaambii wangoje mtu wa kutoa.

Wazee wenzangu wananicheka. "Si ungeacha pesa zikae zizini? Mbuzi huzaa, simu haizai." Wanasema hivyo kwa sababu mvua imenyesha. Mimi bado nakumbuka kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, na mizoga kila mahali huku kaskazini. Mbuzi aliyekufa kwa njaa hana hata shilingi 29 ndani yake. Kwa hiyo nitaendelea kuweka, na nitaendelea kunung'unika.

Juzi benki yangu imeniandikia, kwa jina langu la kwanza, kwamba nimekubaliwa mkopo wa shilingi elfu tatu. Mkopo hauhitaji wakala, hauhitaji floti, hauhitaji siku ya soko. Nibonyeze tu, pesa ziingie muda huo huo. Mpwa akanisihi nisibonyeze. Nikamwambia sina haja ya mkopo, nataka tu kuijua hiyo njia ambayo pesa zao hupita kuja kwangu, na kwa nini zangu kwenda kwao hazipitishwi humo humo.