Kromu Haitaki Rangi: Mhadhara wa Profesa wa Kujitegemea

Mabibi na mabwana, waendesha bodaboda, mafundi rangi, na nyinyi mliokuja kujikinga na mvua: kaeni. Mimi ndiye Profesa wa Nyuso Zing'aazo. Cheo hiki nilitunukiwa na kamati maalumu. Mwenyekiti nilikuwa mimi, katibu mimi, na uamuzi ulipita bila kupingwa.

Siku hizi kila kijana anataka pikipiki nyeusi tii. Usukani mweusi, vioo vyeusi, ekzosi nyeusi. Sina ugomvi na weusi. Ugomvi wangu ni na kopo la rangi ya kupuliza linalonunuliwa saa nne asubuhi na kumalizwa saa nne na robo, juu ya kromu ambayo haijaona hata sabuni. Tazameni usukani huu. Rangi yake ni ya wiki iliyopita. Naingiza ukucha hapa, karibu na breki... mmeona? Imetoka nzima nzima, kama nyoka anayejivua gamba, na chini yake kromu inang'aa vilevile, haina hata habari.

Sababu ni ya kisayansi, kwa hiyo walio nyuma waache kuchati. Kromu ni metali aliyoigundua Mfaransa Vauquelin mwaka 1797. Ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo hukataa karibu kila kinachobisha hodi. Ongeza ulaini wake wa kioo: praima inatafuta pa kushika, inakosa, inateleza. Na hiyo kromu ya mapambo yenyewe ni nyembamba ajabu, mara nyingi haizidi nusu maikroni, wakati unywele wa kichwani una kama 70. Chini yake iko nikeli, nene kuliko yeye mara nyingi, na nikeli ndiyo inayozuia kutu na kubeba sehemu kubwa ya mng'ao. Kromu inachukua sifa tu. Nawajua watu wa namna hiyo. Msaidizi wangu, mbona unanitazama?

Tuendelee. Kwanza maji na sabuni. Kisha kiyeyushi cha kuondoa grisi, kwa vitambaa viwili: kimoja kibichi kinachoyeyusha, kingine kikavu kinachofuata papo hapo kabla kiyeyushi hakijaruka. Anayetumia kitambaa kimoja hasafishi, anahamisha mafuta kutoka kushoto kwenda kulia. Na ole wake aliyewahi kupaka humo polishi ya silikoni, ile ya kung'arisha dashibodi: rangi itakimbia na kuacha vitobo, naye atamlaumu muuza rangi.

Sasa msasa, mbichi, wa namba 180, kisha 320. Sugua hadi kioo kife. Ukijiona bado, hujamaliza. Kwangu hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, maana uso ninaopaswa kuufuta nimeuzoea na naupenda, ndiyo maana kazi hii nimemkabidhi msaidizi. Penye kutu au penye kromu inayobanduka, chimba mpaka ukute metali nzima, na kingo uzilainishe. Rangi haijawahi kugundisha kitu ambacho tayari kinaondoka. Loweka msasa ili vumbi lisiruke, na vaa barakoa na glavu, kwani vumbi la nikeli na kromu si la kuvuta. Yule anayetaka kuichuna kromu kwa asidi nyuma ya nyumba, watoto wakicheza hapo, huyo sina la kumfundisha. Kazi hiyo ina viwanda vyake.

Halafu mtihani ninaoupenda. Mwaga maji safi juu ya chuma. Yakijikusanya matone matone, grisi ingalipo. Rudi mwanzo, usibishane. Yakitandaa utando mmoja usiokatika, umefaulu. Kausha vizuri, hasa kwenye unyevunyevu wa pwani, futa tena kwa kiyeyushi, na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Mkono uliotoka kwenye chipsi mayai unaharibu asubuhi nzima ya msasa kwa kidole kimoja.

Praima iwe ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadena kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, si kwa kukadiria kwa jicho la uzoefu. Jicho langu tu ndilo linaruhusiwa, nalo huwa linasoma kopo. Ipo pia praima yenye asidi ya kung'ata metali. Ni nzuri, ila usirundike epoksi juu yake kwa sababu tu zote zinaitwa praima. Soma karatasi ya mtengenezaji. Kisha rangi, mikono miwili au mitatu mepesi, ukisubiri kila mmoja upumue. Mkono mmoja mzito hutiririka machozi. Na kukauka kwa kugusa si kukomaa. Subirini siku kadhaa kabla ya kufunga vibano.

Ekzosi? Ekzosi inataka rangi ya kuvumilia joto. Ya kawaida itaungua, na harufu yake utaipeleka kwa abiria wako.

Maswali? Wewe mwenye kofia. Unasema usukani mweusi unauzwa dukani pale ng'ambo ya barabara? Swali hilo liko nje ya mada. Mwingine.