Probox na Mlango wa Duka la Saruji

Jina la Probox lilitoka kwa mwanangu. Tulimnunua mwaka 2019, wakati bei ya punda ilikuwa imepanda nchini kote kwa ajili ya vile viwanda vya kuwachinja vilivyofunguliwa bara kuanzia 2016, ngozi zikisafirishwa hadi Uchina kuchemshwa dawa. Babake alirudi nyumbani na mnyama wa kijivu, mstari mweusi umemkata mabega, sikio la kushoto limechanika, na bei akanitajia kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Mwanangu, wakati huo ana miaka minane, alimzunguka mara mbili. Akasema bara kuna gari linaitwa Probox, hubeba kila kitu kuanzia miraa hadi mbuzi, na huyu ndiye Probox wetu.

Kweli amebeba. Mji wa kale wa Lamu gari haliingii, na kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wetu katika Urithi wa Dunia, na tangu hapo wageni huja kupiga picha milango ya nakshi. Sijaona anayeuliza lile jiwe la juu ya mlango lilifikaje. Mawe, mchanga, chokaa, saruji, boriti, hata friji la kwanza la jirani yangu, vyote vimepita mgongoni mwa punda.

Basi usiku mmoja wa Oktoba, mwanangu sasa ana miaka kumi na minne na sauti isiyojua ikae wapi, akatangaza: "Novemba kuna mashindano. Mimi na Probox tumo."

Babake alikuwa anamenya chungwa. "Na saruji itabebwa na nani? Wewe?"

Kwa asiyejua: kila Novemba huwa na tamasha la utamaduni hapa kwetu. Kuna mbio za mashua, kuogelea, bao, mashairi, wanawake kushindana kupaka hina. Lakini siku ya punda mji mzima humiminika ufukweni. Vijana hupanda bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa karibu na mkia, miguu inaning'inia, na usukani ni kijiti, magoti na dua. Mshindi hutembea mjini mwaka mzima akiamkiwa na watu wazima. Mwanangu hata mbuzi hajawahi kumwamkia.

Nikamtetea. Nilidhani kumtetea ni bure.

Babake aliweka sharti moja: punda apimwe kwanza. Alijua anachokifanya, au alidhani anajua. Wakaenda zahanati ya punda pale pwani, ile iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Waingereza la kutunza punda, ambako matibabu ni bure. Daktari alipoinua shogi na kupitisha mkono chini ya tumbo, akakuta kidonda kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, palipokuwa pakisuguliwa na mshipi. Akasema mnyama asibebe kitu kwa majuma mawili, na mshipi ufungiwe kitambaa laini.

Mwanangu anasimulia kwamba babake hakusema neno njia nzima. Jioni nilimwona amekaa barazani na sindano ya kushonea makanda, akiuvika ule mshipi vipande vya kikoi chake cha zamani. Sikumuuliza. Kuna mambo mke huyaona akapita.

Lakini kazi haikungoja kidonda. Mawe ya watu yalikuwa yamelipiwa. Ikabidi akodi punda wa jirani, kwa siku, na pesa zilitoka kwenye kopo langu la mahamri. Naamka saa kumi ya usiku kusukuma unga, nachoma, nauza na mbaazi mpaka saa tatu asubuhi. Wiki ya kwanza ya Probox kupumzika, kopo lilitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia tangu watoto walipokuwa wachanga. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mdhamini wa mashindano ni mimi.

Na punda asiye na kazi ni mtihani. Kwa kawaida jioni Probox huachiliwa, akazurura na wenzake, akalala anapotaka, alfajiri akawa mlangoni. Mwanangu akakataa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini punda wa Lamu bado anajua ilipo, na ikimkwama tumboni hupata msokoto unaoweza kumuua. Mwanariadha wake hawezi kula jalalani! Atalala dakani, kile kibaraza cha mlangoni.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, chumba cha juu. Alisikia, akashuka ngazi moja moja mpaka uani, akasimama.

"Punda akiya ndani," alisema, "mimi tatoka nde."

Tukamwapia kwamba daka si ndani. Daka ni daka. Alitutazama kama anavyomtazama muuza samaki anayesema changu huyu ni wa leo.

Usiku wa tatu mtu alisahau komeo. Sitamtaja, ana miaka kumi na minne. Nilizinduliwa na sauti ya mtu anayekunywa uji kwa pupa, nikafuata sauti na tochi ya simu mpaka bafuni. Probox alikuwa amezamisha pua ndani ya birika la kuhifadhia maji. Katika nyumba zetu za kale, birikani hufugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na wale samaki walikuwa wamejibana pembe moja kama abiria wa mashua iliyopigwa na dhoruba. Mgongoni mwake alikuwa amejitandika kanga yangu mpya, ameinasa kwenye kamba alipopita. Ilimpendeza, Mungu anisamehe.

Mkwe wangu hakutoka nje. Alifanya kubwa zaidi: alimwamsha mjukuu wake kabla ya adhana, akamsimamia akiteka maji yote ya birika kwa ndoo, akasugua, akajaza upya. Mtoto akajaribu fiqhi: "Bibi, mwalimu wa chuo alisema maji aliyokunywa punda hayaharibiki." Bibi akamjibu kwamba mwalimu akitaka aje atawadhe nayo.

Mazoezi yalikuwa jioni, maji yakitoka, kwenye mchanga wa njia ya Shela. Nilikwenda mara mbili kwa kisingizio cha kununua samaki. Kwanza punda huogeshwa baharini, mtoto anamsugua kwa makumbi mpaka anang'aa. Halafu punda huyo safi hutoka majini, hutafuta palipo na vumbi kuliko pote, hulala chali, hugaagaa miguu juu. Methali inasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Huyu aligaagaa na upwa kisha akala mahamri yangu.

Maana siri ya mbio, nilikuja kugundua, ilikuwa hamri. Farasi ukimtisha hukimbia. Punda ukimtisha husimama, akafikiri, na fimbo hazimfupishii kufikiri. Mwanangu alilijua hilo bila kufundishwa. Badala ya kumpiga akaweka rafiki yake mbele, hatua mia mbili, na hamri mkononi. Probox akaruka. Nimeishi na mnyama yule miaka sita na sikujua ana mwendo ule! Masikio yamelala, shingo imenyooka, mchanga unaruka nyuma. Nilisahau kuuliza hamri limetoka wapi.

Kujiandikisha nilikwenda mimi, kwa kuwa ilitakiwa nakala ya kitambulisho cha mzazi. Siku hiyo umeme ulikatika mji mzima, mashine za fotokopi zote zimenyamaza, nikangoja barazani mpaka alasiri. Kijana wa mezani naye alikuwa amechoka. Jina la mpandaji? Jina la punda? Nikajibu yote mawili kwa pumzi moja, naye akaandika kwa mpangilio wake. Sikusoma fomu. Nani husoma fomu saa kumi na moja jioni, unga haujakandwa?

Siku yenyewe ufukwe ulijaa hadi kwenye mashua zilizofungwa. Mkwe wangu, ambaye hakuwa na haja na punda, alikuwa amepata kiti cha mbele tangu saa nane. Mume wangu alisema ana kazi, kisha nikamwona amesimama nyuma ya watu, shingo ndefu kuliko ya Probox.

Kipaza sauti kikaanza kutaja washiriki. Namba moja, namba mbili. Kikafika kwetu: "Mpandaji, Probox!" Kisha, baada ya kusitasita kidogo, likatajwa jina kamili la mwanangu, la babake na la babu yake, kuwa ndiye punda.

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi wenzake, kikaenea. Mkwe wangu aligeuka akanitafuta kwa macho. Nikajifanya natengeneza buibui.

Walipoachiliwa, punda wawili waligeuka wakaelekea kwao, mmoja akamwaga kijana majini, na kundi lililobaki likaja kwa kishindo. Probox alikuwa wa tano. Akawa wa nne. Penye wavuvi akawa wa tatu, na nikasikia mwanamke anapiga kigelegele karibu na sikio langu; ilikuwa sauti yangu. Mtoto amelala kifudifudi juu ya shingo, anamwambia maneno. Akawa wa pili.

Kati ya pale na mwisho wa mbio kuna duka la saruji. Majahazi yanayotoka Mokowe, bara, hushusha mifuko hapo mbele yake, na Probox hapo ndipo amekuwa akipakiwa, asubuhi na alasiri, kwa miaka sita. Tulikuwa tumefikiria kidonda, kwato, plastiki, maji. Duka hakuna aliyelifikiria.

Alisimama kama aliyekanyaga gundi. Mwanangu aliendelea mbele kidogo bila punda, kisha akakaa mchangani. Probox akajigeuza ubavu mlangoni, akapanua miguu ya nyuma, akalegeza masikio, akangoja mzigo. Punda wengine wakampita wote, hata mmoja wa wale waliokuwa wamegeukia kwao.

Mzee wa duka alikuwa kwenye kigoda chake, anatazama upande wa pili. Aligeuka, akamwona mteja. Mazoea yana nguvu. "Mifuko mingapi leo?" akauliza.

Sijui kama bahari iliwahi kusikia kicheko kile. Mwanangu hakuinuka. Babake alipasua watu mpaka pale, na nikaanza kukaza mwendo, maana namjua. Aliinama, akapitisha mkono chini ya tumbo la Probox, pale palipokuwa na kidonda, akapapasa polepole. Pamefunga. Akashika kamba, akamwinua mtoto kwa mkono mwingine, wakaondoka watatu bila kusema, kijana ana mchanga mpaka kwenye nyusi.

Jumatatu watu watatu walibisha hodi wakitaka kubebewa saruji na yule punda anayejipeleka kazini mwenyewe. Mmoja alikuwa fundi ambaye mume wangu amekuwa akimbembeleza ampe kazi tangu Ramadhani. Kopo langu limerudi kuwa na uzito. Shuleni mwanangu hana jina lingine sasa ila Probox. Hata mwalimu wa hesabu ameteleza mara moja.

Yeye anasema bado kuna Maulidi. Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wakishajaa mjini, kuna mbio nyingine za punda, na safari hii anamfundisha Probox kulisahau duka. Kila jioni anampitisha pale mbele, kwenda na kurudi. Nilimuuliza anamfundisha vipi. Akasema akisimama mlangoni, anamtoa kwa kumwonyesha hamri.

Jana usiku nilihesabu mahamri yangu, yamepungua manne. Duka lile lina milango miwili.