Safari ya Oldupai Iliyoishia kwa Jirani

Baba Kulwa akiona picha nzuri, nyumba nzima hukosa amani. Safari hii ilikuwa picha ya Grand Canyon ya Marekani: miamba myekundu, watu wamebeba mabegi mgongoni. Akatuarifu kuwa wenzetu huenda huko mwezi wa kumi, jua likishapunguza ukali.

"Na sisi tuna letu," akatangaza mezani. "Oldupai. Tunakwenda sikukuu ya Nyerere, kabla mvua za vuli hazijachanganya."

Kwenye ramani hakuwa na kosa. Kutoka hapa Mwanza unashika barabara ya Musoma, unapita Magu na Lamadi, unaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, unakata hifadhi hadi Seronera, unatokea Naabi, na mbele kuna korongo lenye urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha mita 90. Ila ramani haionyeshi mama mkwe.

"Huko kuna nini?" Mama akauliza, mikono imo kwenye ungo wa dagaa.

"Fuvu la kale, Mama. Zinjanthropus. Miaka milioni moja na robo tatu."

"Alikufa na nini?"

Mwanawe akakohoa. Ikabidi akiri pia kwamba fuvu lenyewe haliko korongoni, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

"Sasa mwenyewe kahamia Dar, nyinyi mnamfuata Ngorongoro?"

Mimi habari ya fuvu hilo naipenda kwa sababu zangu. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa kambini, mafua yamemlaza. Mkewe Mary ndiye aliyetoka na mbwa wake akauona mfupa wa fuvu ukichungulia kwenye udongo. Nilimsimulia mume wangu. Hakucheka.

Tukamwita shemeji yangu anayeendesha watalii. Alikunywa chai yetu yote, kisha akaanza kubomoa. Serengeti iko chini ya TANAPA, kila kichwa kinalipiwa, hata kama mnapita tu. Oldupai iko Ngorongoro, mamlaka nyingine, malipo mengine. Hifadhini mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na ikinyesha, ule udongo mweusi wa upande wa magharibi unakamata gari mkalala hapo hapo. Kambi za Seronera hazina uzio.

"Fisi je?" Mama akauliza.

"Wanapita, Mama. Usiku utawasikia."

"Wana wenyewe?"

Kwa asiye Msukuma, asiyezoea imani kwamba fisi wa usiku hufugwa na wachawi, swali hilo ni la ajabu. Shemeji, ambaye ni Msukuma, alilijibu kwa heshima zote kwamba hajawahi kuuliza.

Halafu macho yake yakaangukia traki suti mpya, ambazo Baba Kulwa alikuwa amezinunulia Makoroboi kwa bei ya jumla, za ukoo mzima, bluu zenye mistari myeusi.

"Kaka, hizi ni za safari?"

"Sare ya familia."

"Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kuliko chochote. Vile vitambaa vinavyotundikwa mitini kule, rangi hizo hizo, ni mitego yao."

Kulwa na Doto wakavua palepale.

Mwanamume mwingine angeishia hapo. Wangu akaenda kuazima hema kazini, akasema lazima lijaribiwe. Sasa sisi tunakaa Bugarika, mlimani, na nyumba imekalia jabali. Vigingi vilipinda vyote. Akafunga kamba moja kwenye mlango wa jiko, nyingine kwenye kamba ya kuanikia nguo, zilizobaki akazikandamiza kwa mawe. Watoto walilala humo nusu saa, mbu wakawarudisha ndani. Asubuhi Mama aliona sakafu safi, kavu, isiyofikiwa na kuku. Akaanika michembe yake ya viazi vitamu humo, na hapakuwa na wa kumwambia aitoe.

Usiku uliofuata radi zikaanza kupiga ziwani. Vuli haikusubiri sikukuu. Upepo ulipopanda mlima, hema lilivimba, likang'oa mlango wa jiko, likaruka navyo vyote hadi juu ya paa la jirani wa bondeni. Mlango ulitoboa bati. Michembe ikamwagika juu ya mabati kama risasi.

Kwetu vitu vikigonga bati saa nane za usiku, mtu haulizi hali ya hewa. Jirani alitoka na panga na tochi, anataja majina ya marehemu wa ukoo wake. Baba Kulwa akateremka akiwa na traki suti yake ya bluu na nyeusi kumtuliza, jambo ambalo halikusaidia.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja asubuhi. Akiba ya Oldupai ikageuka bati, kofia ya bati, misumari, fundi, na hema la watu. Jirani alisamehe, isipokuwa michembe, akisema iliyoanguka kwake ni yake. Mama bado hajakubali.

Kilichosalia kilitosha kwenda Saanane, kisiwa chetu cha majabali, bustani ya wanyama tangu 1964 na hifadhi ya taifa tangu 2013. Tulivaa sare. Pale Capri Point Mama aligoma kupanda boti mpaka apewe jaketi mbili za kujiokolea: moja yake, nyingine ya mfuko wa michembe mipya.