Kinu cha Saa Nane Usiku, na Mashauri Mengine kwa Wanaokula Pamoja

Mlo katika nyumba ya watu wengi una kelele za aina tatu: za kupika, za kula na za kuosha vyombo. Barua zinazoifikia safu hii kutoka Rayners Lane, kaskazini-magharibi mwa London, karibu zote hulalamikia ya pili. Zikisomwa tena kwa utulivu, mkosaji huwa ni ya kwanza au ya tatu.

Nyumba nyingi za mtaa huo zilijengwa miaka ya 1930, mbilimbili, zikiegemeana kwa ukuta mmoja kama mapacha walionuniana. Zilikusudiwa baba, mama na watoto wawili. Leo baadhi yake zinabeba watu watano au sita wasio ndugu, jiko moja, friji moja. Kwa sheria ya Uingereza, nyumba ya kupanga yenye watu watano au zaidi wasio wa kaya moja, wanaotumia jiko au choo kimoja, lazima mwenyewe aikatie leseni. Leseni hiyo haisemi lolote kuhusu kinu.

Kinu ndicho kilicholeta barua ya kwanza. Mpangaji wa chumba kinachopakana na jikoni anaeleza kwamba shemeji wa mwenye nyumba hurudi kutoka kazini saa nane usiku, hushusha kinu na kuanza kutwanga thomu na pilipili manga. Blenda ipo, lakini shemeji anashikilia kwamba blenda inaua ladha. Kuhusu ladha, shemeji ana haki. Kuhusu kelele, hana. Blenda hupiga hewa, na mlango ukifungwa sehemu kubwa ya mlio hubaki jikoni. Mchi hupiga nyumba yenyewe: kishindo hushuka sakafuni, hupanda ukutani, hutambaa kwenye boriti na kumfikia kitandani jirani wa upande wa pili, ambaye hata mchuzi wenyewe hajapata kuonjeshwa. Blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne chini ya kinu hupunguza mengi. Bora zaidi ni kutwanga Jumamosi mchana uani na kugandisha viungo kwenye vibati vya barafu, kipande kimoja kwa kila chungu. Sheria ya kelele ya mwaka 1996 inauhesabu usiku kuanzia saa tano hadi saa moja asubuhi, na ofisa wa halmashauri ya Harrow akiitwa hatauliza kama kilichokuwa kinatwangwa ni cha pilau au cha biriani.

Barua za daku huja kwa msimu. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia Juni, jua la London likazama kama saa tatu na dakika ishirini usiku, na futari, tarawehe na daku vikabanana ndani ya saa chache ambazo mtaa mzima ulikuwa umelala. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, Ramadhani za majira ya baridi zina nafuu: watu hufuturu mapema jioni. Katika hali zote mbili jirani aarifiwe kabla ya mwezi kuandama, kwa tarehe zilizoandikwa na sahani ya sambusa. Sahani itangulie malalamiko. Ikija baadaye, inaitwa rushwa.

Mwaliko nao una ajali zake. Msomaji mmoja alimkaribisha jirani Mwingereza kwenye futari ya saa mbili, akaifasiri saa hiyo neno kwa neno. Jirani akabisha hodi saa nane mchana, maua mkononi, akakuta nyumba nzima imelala na saumu zao. Saa ya mlo iandikwe kwenye mlango wa friji kwa hesabu zote mbili.

Kelele ya kula ndiyo ngumu kuliko zote, maana mwenye kuipiga haisikii. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila harusi ya Mombasa inalithibitisha: mtu akizungukwa na sauti, hupandisha yake bila kujua. Wa kwanza akipandisha, wa pili naye hupandisha, na ikifika zamu ya wa nane ugali unaombwa kwa kupiga kelele. Katika makazi ya ushirika, ambako kila familia ina nyumba yake lakini ukumbi wa kulia ni mmoja, kama Sættedammen ya Denmark tangu 1972 au New Ground ya akina mama wa zaidi ya miaka hamsini huko High Barnet tangu 2016, ukumbi mtupu wenye sakafu ngumu na vioo vikubwa huzidisha mvumo. Mkeka, zulia na mapazia mazito huumeza. Kwa hili, kula kwa sinia juu ya mkeka kuna faida isiyotajwa sana: walaji wamekaribiana, wanasikizana kwa sauti ya chini, na hakuna kiti cha kuburuta.

Rayners Lane yenyewe ina mfano wa kula kimya, ambao wasomaji hupita mbele yake kila siku. Jumba la sinema lililofunguliwa mwaka 1936, lenye zege lililojipinda usoni kama mkonga wa tembo, sasa ni kituo cha Wazoroasta, waumini wa dini ya Zoroasta. Sikukuu zao za gahambar, sita kwa mwaka, hukutanisha tajiri na maskini kwenye chakula kilekile. Na katika desturi yao ya kale, mtu akishasoma dua ya baj kabla ya kula, hazungumzi mpaka amalize. Bibi wa Kiswahili anayekemea wajukuu wanaoropoka na tonge mdomoni angekubaliana nao bila mjadala.

Inabaki kuosha. Aliyepika haoshi, hilo halina barua. Anayekwangua ukoko kwa kijiko cha chuma saa sita usiku ndiye mwenye barua tatu. Sufuria iachwe na maji mpaka asubuhi, au ukoko uliwe palepale na wanaoupenda, ambao hawakosekani.

Barua ya mwisho inalalamikia dagaa wa kukaanga. Dagaa hawana kelele. Harufu haihusiki na safu hii.